Mlango wa mbele wa mbao: rangi au lazure?

MlangoWaBaba (Bukavu)

Jamani, jambo. Naomba shauri kwa wanaojua mbao, maana nyumbani tumeshagawanyika kambi mbili na mlango wenyewe ungali vilevile.

Ni mlango wa mbele wa nyumba ya marehemu baba, mtaa wa Muhumba. Mlango mzito wa zamani, fremu na pano sita (vile vibao vipana vinavyojaza fremu), urefu mita 2.10, upana sentimita 90. Unaangalia magharibi, upande wa ziwa. Hauna barza. Juu yake kuna kofia ya zege isiyozidi sentimita 40, kwa hiyo mvua ya upepo inaupiga kuanzia katikati kushuka chini, na jua la saa tisa linaushika mpaka linapozama.

Rangi iliyopo ni kahawia ya kung'aa. Chini yake kuna kijani, chini ya kijani kuna rangi ya maziwa. Kwenye pano mbili za chini imevimba malengelenge, ukibonyeza kwa kidole inapasuka na ndani kuna unyevu. Juma lililopita nilikwangua kidogo karibu na kitasa nikakuta mbao nyekundu, nzuri ajabu, ambayo sikuwahi kuiona ingawa nimepita mlango huo tangu nikiwa mtoto.

Fundi wa mtaani anasema piga msasa kidogo, paka rangi ya mafuta, siku moja kazi imekwisha. Shemeji yangu anasema hapana, toa rangi yote, weka lazure mbao ionekane. (Kwa wasioijua, lazure ni ile rangi nyepesi ambayo mbao inainywa, mishipa yake inabaki inaonekana.) Mama hasemi kitu, ila kila asubuhi anaufuta kwa kitambaa.

Tuko Julai, mvua ni Septemba. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

---

FundiKadutu (Bukavu)

Jambo ndugu. Mimi ni fundi wa mbao, nimepaka milango mingi na nimeitwa kurekebisha mingi zaidi.

Kabla ya kambi za nyumbani kwenu, shika jambo moja. Rangi ni koti, lazure ni mafuta ya kujipaka. Koti linafunika mwili wote, jua halifiki, mvua haifiki, na likiwa zima unalisahau miaka. Ila siku limetoboka, maji yanaingia ndani yanakaa, na huwezi kushona kiraka kisionekane, sharti ulivue. Mafuta yanaisha mwilini yenyewe polepole. Hayatoboki, yanapauka. Unaosha, unapaka tena, hakuna kuvua kitu.

Kwa hiyo anayeuliza kipi kinadumu zaidi, nitamjibu rangi. Anayeuliza kipi ni rahisi kurudia, nitamjibu lazure. Watu wanauliza la kwanza, kumbe la pili ndilo litakalowatesa.

Sasa mlango wako. Malengelenge yenye unyevu maana yake maji yapo ndani ya mbao na yanatafuta kutoka. Jua la jioni linapasha, maji yanageuka mvuke, mvuke unasukuma rangi. Ukipaka rangi mpya juu yake, hata ya bei gani, mvua za kwanza zikipita itavimba palepale. Na lazure nayo haitakusaidia maji yakiendelea kuingia.

Yanaingia wapi? Chukua kioo cha kujitazamia, kilaze sakafuni, uangalie ukingo wa chini wa mlango. Halafu urudi hapa utuambie umeona nini.

---

MlangoWaBaba

Nimelaza kioo. Mbao tupu na nyumba ya buibui. Fundi, ulijuaje?

---

FundiKadutu

Kwa sababu hakuna fundi anayeuchomoa mlango kwenye bawaba ili apake ukingo ambao mwenye nyumba haoni. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, nisijifanye mtakatifu.

Nguzo mbili za pembeni za mlango zinaishia pale chini, vichwa vyake vinatazama sakafu. Mbao ni kama fungu la mirija. Ubavuni mirija imefunga, kichwani iko wazi. Maji ya mvua yanayoruka kutoka kwenye ngazi, maji ya mama anapopiga deki, yote yananyonywa kwa pale. Ukiziba ukingo wa chini na wa juu, iwe kwa rangi au kwa lazure mara tatu, umeshafanya nusu ya kazi.

---

Himbi243 (Goma)

Mimi niliichagua lazure, acheni niseme yaliyonikuta.

Mlango wangu ni libuyu, mpya, unaangalia mashariki. Nilitaka mbao ionekane kabisa, nikachagua lazure isiyo na rangi, ile ya uwazi kama maji. Mwaka wa kwanza watu walisimama kuutazama. Mwaka wa pili nusu ya chini ikaanza kuwa kijivu kama kuni za zamani.

Baadaye ndipo nikaelewa. Jua ndilo linaloharibu mbao, mvua inakuja kuosha kilichoharibika. Ndani ya mbao kuna kitu kama gundi, kinaitwa lignini, kinachoshika nyuzi pamoja. Mwanga wa jua unakivunja, mvua inakiosha, nyuzi zinabaki tupu na kijivu. Kinachozuia ule mwanga ni chembe za rangi. Rangi ya kawaida imejaa chembe, mwanga hauvuki. Lazure ya kahawia ina chache, inazuia kiasi. Lazure ya uwazi inazuia kidogo mno, unakuwa umeupaka mlango maji ya gharama.

Kwa hiyo kama ni lazure, chukua ya rangi ya kukolea. Na huku kwetu kwenye ikweta ujue jua linapita karibu utosini mwaka mzima, ukuta wa kaskazini na wa kusini haupati adhabu kubwa. Wanaopigwa ni mashariki na magharibi. Wewe ni magharibi, bila barza. Pole.

Jambo jingine: misumari na skrubu za chuma cha kawaida. Libuyu na mbao nyingi nyekundu zina tanini, ile rangi ya asili kama ya majani ya chai. Chuma kikilowa kinapeleka doa jeusi kama wino kwenye mbao. Chini ya rangi huoni, chini ya lazure unaona kila msumari. Na Goma moshi wa mlima wa volkano ukishuka na mvua, chuma kinaoza mbio, mabati yetu yanajua. Nimebadilisha skrubu zote za bawaba nikaweka za shaba nyeupe zisizoshika kutu.

---

YayaBelAir (Lubumbashi)

Jambo wote. Naona Kivu mmekaa peke yenu, niwaletee ya Katanga.

Huku hewa ni nyingine. Tangu Mei mpaka Septemba hakuna tone la mvua, upepo mkavu, vumbi jekundu mpaka kwenye sukari. Halafu Novemba mvua zinashika. Kwa hiyo mbao zetu zinasinyaa miezi mingi kisha zinavimba ghafla. Mlango niliopaka rangi nyumba ya kwanza, mtaa wa Kenya hapa hapa Lubumbashi, kila kiangazi ulinionyesha mstari mweupe wa mbao tupu kuzunguka kila pano, kama mtu aliyevua saa ya mkono. Pano ilisinyaa, rangi ikapasuka kwenye maungio, na mvua za kwanza zikaingia hapo hapo.

Nyumba ya pili nimeweka mlango wa mulombwa (Watanzania wanauita mninga), uko ndani ya barza ya mita mbili, na nimeupaka lazure ya kahawia nyekundu. Miaka sita sasa. Kila baada ya miaka miwili, Agosti, Jumamosi moja: asubuhi naosha vumbi kwa maji na sabuni kidogo, naacha ukauke, napitisha msasa laini, jioni napaka. Jumapili natoka kanisani naurudia mara ya pili. Sijawahi kukwangua. Mume wangu alicheka mwaka wa kwanza, sasa ndiye anayenikumbusha.

Kwa hiyo mimi ni lazure. Lakini Fundi akiniambia barza yangu ndiyo inayofanya kazi, sitabisha.

---

FundiKadutu

Yaya, ni barza. Na ni wewe mwenyewe, na ile Jumamosi yako. Wateja wangu wengi wakishasikia «kila miaka miwili» wananiitikia vizuri, kisha naona mlango wao mwaka wa tano uko kijivu.

Ule mstari wa mbao tupu si kosa la rangi peke yake. Pano haigundishwi kwenye fremu, inaachwa icheze ndani ya mfereji wake, ndiyo sababu mlango wa pano haupasuki. Fundi mzuri anaipaka pano yote kabla ya kuifunga ndani ya fremu, hata ikisinyaa inaonyesha rangi. Anayepaka mlango ukiwa umeshafungwa anapaka mpaka ukingoni tu, basi. Mlango wa zamani wa MlangoWaBaba huwezi kuufungua, ila ukiupaka Agosti, wakati mbao imesinyaa kiasi chake cha mwisho, rangi inaingia ndani zaidi kwenye mfereji. Ukiupaka Aprili imevimba, kiangazi kitakuumbua.

---

KaribuNdani (Bukavu)

Nyinyi watu mnapenda kuteseka. Wekeni mlango wa chuma muishi. Wezi wa siku hizi wanaangalia lignini?

---

MlangoWaBaba

Mlango wa chuma tunao kwenye uzio, ndugu. Huu wa mbao ndio baba alikuwa anagonga kwa ufunguo akirudi kazini, sitauweka chuma.

Himbi na Yaya, aksanti sana. Fundi, je, mbao nyekundu nzito, yenye uzi wa njano kidogo ukiiloweka, ni mbao gani? Na kuna fundi mwingine amepita leo, ananiambia nikishatoa rangi nipake kwanza oili chafu ya gari ili mchwa wasile. Sahihi?

---

FundiKadutu

Oili chafu usiiguse. Inaitwa dawa ya mchwa kwa sababu inanuka na ni nyeusi, watu wanadhani kinachonuka kinaua. Ikishaingia kwenye mbao haitoki tena. Rangi haitashika, lazure haitanywewa, na mlango utakuwa unatoa jasho jeusi kila jua la saa tisa kwa miaka. Nimeukataa mlango mmoja mtaa wa Panzi kwa ajili hiyo hiyo. Mwenyewe akaniona najivuna.

Mbao yako siwezi kuitaja bila kuishika. Nyumba za Muhumba za wakati wa Wabelgiji zina libuyu, zina mvule, zina nyingine mchanganyiko. Lakini kama ni mvule kuna jambo la kujua: ina mafuta yake ya asili, na rangi ya mafuta au verni (vanishi) juu yake wakati mwingine inakataa kukauka, unarudi siku ya tatu kidole bado kinanata. Pangusa kwa kitambaa chenye diluani (ile ya kuyeyushia rangi) muda mfupi kabla ya kupaka, na ujaribu kwanza sehemu ndogo nyuma ya bawaba.

Na kama ni mbao nyekundu ukataka kuipaka rangi nyeupe au ya maziwa, ile tanini aliyoitaja Himbi itapanda juu ikaacha madoa ya chai. Lazima sukushi (rangi ya chini) ya kuzuia madoa iende kwanza, kisha rangi. Bila hiyo utapaka mara tano na chai itarudi.

---

MamaWaTano (Bukavu)

Samahani naingilia. Hakuna aliyesema habari za watoto. Mlango wangu unashikwa na mikono ya mafuta ya beinye (maandazi), unapigwa mpira, mmoja aliwahi kuandika hesabu juu yake. Rangi ya kung'aa nafuta kwa kitambaa inatoka. Dada yangu ana lazure, vidole havitoki mpaka apige msasa. Ni hilo tu.

---

MuhumbaYaZamani (Bukavu)

Mimi nina umri wa kumfahamu marehemu baba wa mtoa mada, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa ukali kidogo.

Mwanangu, umesema tabaka tatu, na la chini ni maziwa. Nyumba hizo ni za miaka ya 1950 au kabla. Rangi za wakati ule nyingi zilikuwa na plombi, yaani madini ya risasi. Ilikuwa inazifanya ziwe ngumu na zikauke upesi. Ukipiga msasa mkavu, unatengeneza unga wa plombi ndani ya sebule ya mama yako. Ukichoma kwa moto wa gazi ili ivimbe, unatengeneza moshi wake, mbaya zaidi. Kwa mtoto mdogo kiasi kidogo kinaharibu ubongo, na mama mjamzito anampelekea aliye tumboni.

Kama huna budi kuitoa: toa mlango kwenye bawaba, upeleke nje mbali na jiko, tandika shitingi (turubai la plastiki) chini. Lowesha kwa maji, kwangua ikiwa imelowa, usipige msasa mkavu hata mara moja. Kuna dawa za kupaka zinazolainisha rangi ya zamani, nazo zipake ukiwa nje, na glavu mkononi. Mabaki yote yakusanywe ndani ya shitingi ileile, yafungwe. Yasimwagwe kwenye bustani ya mboga, yasisukumwe kwenye mfereji unaoshuka ziwani. Nguo zako zifuliwe peke yake. Watoto wa jirani wafukuzwe, najua wanapenda kuja kutazama fundi.

Na ujiulize kama unahitaji kuitoa yote. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri, imefunikwa na rangi mpya, haimdhuru mtu. Mwenye kuchagua lazure analazimika kuitoa yote mpaka mbao tupu. Mwenye kuchagua rangi anatoa ile inayoachia tu. Kwa nyumba yenye wajukuu hiyo si tofauti ndogo.

---

Himbi243

Mzee, hilo sikuwa nimelifikiria. Mlango wangu ulikuwa mpya.

---

FundiKadutu

Wala mimi sikuwa nimelisema, na nilipaswa. Tumevuta unga huo miaka bila kujua. Siku hizi nalowesha.

Niongeze kuhusu lazure juu ya mlango wa zamani. Lazure haifichi kosa. Mastiki ya zamani (ile ya kuzibia mashimo na nyufa), kiraka, msumari, rangi iliyobaki kwenye kona za nakshi, vyote vitakutazama usoni kila ukiingia. Pano sita zenye nakshi ni siku tatu za kukwangua kona. Watu wanahesabu bei ya kopo, hawahesabu siku.

Na bei yenyewe: mlango wako upande mmoja ni mita za mraba 1.89, pande mbili karibu 3.8. Lita moja ya rangi inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili pande zote mbili ni 7.6, kingo zikiwemo unafika karibu 8. Lita moja inatosha na inabaki ya kurekebisha. Kwa hiyo usinunue ya bei rahisi kwa sababu ya pesa, ni lita moja tu. Kwenye kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) soma kopo, hakikisha imeandikwa ni ya nje na ni ya mbao.

---

MlangoWaBaba

Soma kopo nimeelewa. Ila rangi ya mafuta au rangi ya maji? Kenkayeri wameniambia ya maji ni ya ukuta tu.

---

FundiKadutu

Mafuta. Inajisambaza yenyewe, alama za pinso hazionekani, inakuwa ngumu, inafutika.

---

Himbi243

Fundi, hapo sikubali. Rangi ya mafuta inaendelea kuwa ngumu miaka yote mpaka inakatika kama ganda la yai, wakati mbao chini yake inaendelea kuvimba na kusinyaa. Ya maji, ile ya akriliki ya mbao za nje, inabaki inanyumbulika na inaruhusu mvuke kutoka kidogo. Malengelenge ya huyu ndugu si ni ya mvuke uliokosa njia? Halafu nyeupe ya mafuta inageuka njano.

---

FundiKadutu

Uliyosema ni kweli kwa akriliki ya mbao. Lakini watu wananunua lateksi ya ukutani kwa sababu ndiyo wanayoiona dukani, wanapaka mlango, na mlango unang'ang'ania fremu. Unauvuta asubuhi unasikia *tchaa*, kipande cha rangi kimebaki kwenye fremu. Akipata akriliki yenyewe, na apake juu ya sukushi, sawa. Mimi nitaendelea na mafuta maana nayajua tabia yake. Ukiniona naanza kupaka ya maji ujue nimezeeka.

Jambo moja ambalo hatujagusa: verni. Kwa sababu shemeji akikosa lazure dukani atasema weka verni, ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Verni ni koti pia, ila ni koti la nailoni la uwazi. Jua linapita, linaichoma mbao chini yake, mbao inaachia, verni inabanduka magamba. Na hizi tunazopuliza kwenye vitanda na makabati, juu ya fondure (tabaka la kwanza la kuziba mbao), ni za ndani ya nyumba, ngumu kama kioo. Kuna mtu alinipelekea mlango wa nje uliopulizwa hiyo. Mvua za mwaka mmoja zilitosha, ulikuwa unabanduka kama kitunguu. Verni za nje zipo, zile za mashua, zinazonyumbulika na zina dawa ya kuzuia jua, nazo pia zinataka kurudiwa kabla hazijaanza kupasuka. Ukichelewa ni kukwangua yote.

Na yeyote anayepaka mafuta ya kitani au lazure ya mafuta: vitambaa ulivyopangusia usivikunje ukavitupa kwenye kona. Vinajipasha moto vyenyewe, vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au viloweshe ndani ya ndoo ya maji.

---

YayaBelAir

Kuhusu rangi gani: mdogo wangu, kwa jua la magharibi, rangi nyeusi au ya kukolea sana inapasha mlango mpaka huwezi kuushika, na utomvu unatoka kwenye mafundo ya mbao. Kwa rangi chagua ya kati au nyepesi. Ajabu ni kwamba kwa lazure ni kinyume, ya kukolea ndiyo inayolinda. Shemeji na wewe mkibishana mkumbuke hilo.

---

MlangoWaBaba *(wiki tano baadaye)*

Jambo tena. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakwangua.

Niliutoa mlango, tukauweka nyuma ya nyumba juu ya shitingi, kama alivyosema Mzee Muhumba. Nikalowesha. Upande wa nje nilianza na zile pano mbili za chini zilizovimba, nikijiambia nikikuta mbao nzuri naendelea mpaka juu kwa ajili ya shemeji. Pano ya kushoto, nyekundu safi. Pano ya kulia, chini ya kahawia na kijani, si mbao ileile. Ni mkaratusi. Mtu fulani, zamani, aliitoa pano ya asili akaweka nyingine, akajaza mastiki kuzunguka, akapaka kijani. Mama alipoitwa kuja kuona akasema mara moja: ni wakati kaka yangu mkubwa alipiga mpira, mwaka ambao mimi sijazaliwa. Baba alifanya kazi hiyo mwenyewe usiku mmoja na hakumwambia mtu bei ya mbao.

Basi shauri likawa limekwisha. Lazure ingeonyesha pano moja ya kijivu-njano katikati ya tano nyekundu. Shemeji mwenyewe ameangalia, akasema paka rangi.

Nimekwangua palipoachia tu, nikasawazisha kwa msasa wa maji, nikaacha siku nane za jua. Himbi, nimebadilisha skrubu. Ukingo wa chini na wa juu umepata sukushi mara mbili kabla ya kitu kingine chochote. Juu yake rangi ya mafuta, kijani cha kati, kile kilichokuwa chini ya kahawia. Mama ndiye aliyechagua, ndiyo mara yake ya kwanza kusema kitu kuhusu rangi. Fundi wa mtaani aliyesema siku moja amekuja kusaidia, amekaa siku nne.

Upande wa ndani nimefikiria kuutoa rangi yote na kuweka lazure, huko hakuna jua wala mvua, na pano ya mkaratusi kwa ndani iko nyuma ya pazia.

---

YayaBelAir

Kijani ni kizuri. Ila ndani angalia: upande mmoja umefungwa kwa rangi, mwingine umeachwa unapumua kwa lazure, mbao itakuwa inakunywa na kutoa unyevu upande mmoja tu. Mlango unaweza kupinda.

---

FundiKadutu

Kwa mlango wa pano, mzito, wa miaka sabini, sina hofu kubwa kama kingo zimezibwa. Umeshapinda kama ulikuwa wa kupinda. Lakini Yaya ana haki: weka lazure mikono mitatu, usiweke mmoja. Zaidi ya hapo namsikiliza Mzee Muhumba: ndani ndiko wajukuu wanakokaa. Ukikwangua ndani, ni nje kwenye shitingi vilevile.

---

MamaWaTano

Weka rangi ndani pia. Nimesema.

---

MuhumbaYaZamani

Baba yako angepaka kahawia pande zote mbili akaenda kulala. Picha iko wapi?

---

MlangoWaBaba

Picha nitaleta, Mzee, mkono wa pili bado unanata. Sasa hivi mlango umelala juu ya stuli mbili nyuma ya nyumba, mlangoni tumetundika pazia la chumbani, na majirani watatu wameshapita kuuliza kama tunahama.